Raba za Kubebea Nyuki

Mimi nina kichwa kigumu na sijawahi kumwomba mtu msamaha kwa ajili hiyo. Ndugu yangu Kiema aliponipigia simu kuniambia ameuza shamba la baba, lile la nje kidogo ya Mwingi, na kwamba aliyenunua ataleta trekta Jumamosi kung'oa migunga yote, sikumuuliza ameuza kwa nini. Nilimuuliza nyuki wataenda wapi.

"Nyuki?" akasema, kama mtu aliyeulizwa habari za panya. "Tutavuna asali, mizinga tuchome. Si ni magogo tu."

Ilikuwa mizinga tisa. Baba yetu, mzee Muthama, aliichonga mwenyewe, gogo baada ya gogo, akaitundika juu ya migunga ile, mingine kabla sijazaliwa. Alipofariki mwaka jana shamba lilikwenda kwa Kiema, na mimi niliyeolewa huku Matiliku, upande wa Makueni, sikunung'unika hata kidogo. Lakini mzinga si shamba. Mzinga una wenyewe ndani. Nikiwa msichana baba alikuwa akinituma niweke sikio kwenye gogo nimwambie wenyewe wanasemaje, na mpaka leo naweza kukuambia kwa sauti tu kama wametulia au wana jambo. Hicho ndicho kitu pekee alichonifundisha mimi na hakumfundisha Kiema.

"Nitawachukua," nikamwambia. "Nitawaleta kwangu."

Kiema akacheka. "Nyuki hawafuati mwanamke. Baba alisema."

Baba hakusema hivyo. Kiema husema "baba alisema" kila anapoishiwa na maneno, kwa sababu anajua mzee hawezi kurudi kumkanusha. Nilimkatia simu kwa hasira, nikaenda kuangalia mafuta kwenye pikapu yangu.

Hiyo pikapu ndiyo kazi yangu. Hubeba nyanya, hubeba mbuzi, hubeba wanakwaya wa kanisa letu wakialikwa mbali. Mwaka uliopita zile raba zinazoshikilia injini, ambazo mafundi huziita maunting, zilipasuka zote tatu. Injini ikawa inaruka kila nikikanyaga mafuta, na gia inanitoka mkononi. Wakati huo nilikuwa Mwingi kununua mbuzi, nikampelekea Abdiqani, fundi anayetengeneza malori ya wafanyabiashara wa mifugo wanaopita barabara ya Garissa. Alikata vipande vya tairi la lori, vigumu na vyenye waya ndani, akavifunga kwa bolti nene. Injini haikuruka tena. Ni kweli kwamba tangu siku hiyo kioo cha pembeni kilitetemeka mpaka nikawa sioni nyuma vizuri, na nikisimama na injini inanguruma meno yangu yaligongana. Nilizoea. Mbuzi hawakulalamika, wanakwaya walilalamika kidogo.

Jumanne nilibeba mizinga mitatu ya kwanza. Nilifanya kila kitu kama baba. Jumatatu jioni, nyuki waliporudi ndani, niliziba matundu kwa wavu wa chujio ili wapate hewa. Niliilaza mizinga juu ya majani makavu mengi, magogo yakifuata urefu wa gari, na upande wa juu ukabaki juu ili masega yasilale. Alfajiri nikaondoka. Niliendesha kwa uangalifu ambao sijawahi kumfanyia binadamu yeyote: mwendo wa arobaini, gia ya nne, kutoka Mwingi hadi Kitui, hadi Machakos, hadi Emali. Malori yalinipigia honi, dereva mmoja akanitukania mama. Nilinyamaza, nikasema moyoni, haraka haraka haina baraka.

Nilifika Matiliku saa nane mchana. Mimi na mume wangu Nyamai tukaitundika mizinga kwenye miti iliyo nyuma ya nyumba, na nilipofungua wavu nikasikia mvumo mkali, wa juu, usio na utulivu hata chembe. Nikajipa moyo kwamba ni uchovu wa safari. Kesho yake, Jumatano, nikarudi Mwingi kuchukua mingine, na jioni Nyamai akapiga simu.

"Wamehama," akasema.

"Mzinga gani?"

"Yote mitatu. Walitoka saa tisa kama wingu, wakaelekea upande wa milimani. Nimeangalia ndani, Mwongeli. Masega yamekatika, yako chini, na asali inavuja."

Niliketi chini pale pale kwenye uwanja wa baba nikalia. Sikulia kwa upole. Nilipiga ardhi kwa mkono. Kiema alikuwa amesimama mlangoni, na nashukuru kwamba hakusema lolote, maana nilikuwa na jiwe karibu.

Usiku nilipitia safari nzima kichwani, na kitu kimoja kikanirudia. Pale njia panda ya Emali nilisimama muda mrefu nikingoja malori yapite. Injini ilikuwa inanguruma, na nyuma nyuki walipiga kelele za ajabu. Nilizima injini nikidhani nitashuka niwatazame, na kabla sijafungua mlango wakaanza kutulia. Nikawasha, wakaanza tena. Wakati ule nilifikiri ni jua. Lakini jua halizimwi kwa ufunguo.

Alhamisi asubuhi nilikuwa kwa Abdiqani kabla hajamaliza chai.

"Wewe ndiye umefukuza nyuki wa baba yangu," nikamwambia.

Aliweka kikombe chini taratibu. Ni mwanamume mrefu, mwenye ndevu zilizotiwa hina, na hajui kukasirika upesi, jambo linaloniudhi sana. "Mama Kitonga," akaniita kwa jina la mwanangu, "salamu ni ya bure. Hata hiyo umekosa?"

"Maunting zako zimetikisa gari mpaka masega yamekatika!"

"Zangu?" akasema. "Wewe ulisema aje siku hiyo? Ulisema, Abdiqani, niwekee ngumu, isiyokufa mpaka mimi nife. Mimi nikakwambia hii ni ya lori, pikapu itatetemeka. Ukaniambia, weka, mimi si yai."

Nilitaka kubisha. Lakini kila neno lilikuwa langu, hata lile la yai, na nilikumbuka jinsi wenye malori waliokuwa gereji siku hiyo walivyocheka na jinsi nilivyofurahi walipocheka. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Ni mimi niliyeagiza ugumu, na ni mimi niliyewatoa wale nyuki kwao.

"Sawa," nikasema. "Nilisema. Sasa tutoe."

Abdiqani hakutoa kitu kwanza. Alijaza karai maji, akaliweka nyuma ya pikapu pale mizinga ilipokuwa imelala, akaniambia niwashe. Maji yalichemka bila moto. Yalikuwa yanarukaruka mpaka mengine yakamwagika ukingoni. Akaniambia nikanyage mafuta kidogo. Injini ilipopanda maji yakapungua kuruka, na ilipopanda zaidi yakakaribia kutulia. Nikaachia, yakaanza tena.

"Ulikuwa unaendesha na ngapi?" akaniuliza.

"Arobaini. Gia ya nne. Polepole, Abdiqani, nilienda polepole njia yote."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Hapo ndio mbaya kabisa. Gia kubwa na mwendo mdogo, injini inavuta mzigo ikiwa chini, inapiga kama ngoma. Na hizi ngumu zinapeleka yote kwa bodi. Umepigia hao nyuki ngoma kutoka hapa mpaka Emali."

Maisha yangu yote nimeambiwa polepole ndio mwendo. Kwa muda wa saa tisa nzima nilikuwa nimewatesa wale nyuki kwa uangalifu wangu, na njiani nilikuwa nikijisifu.

"Basi nitaenda mbio," nikasema.

"Na matuta je? Na foleni ya Emali, utaenda mbio huko ukiwa umesimama?"

Tulipiga simu kutafuta raba mpya za pikapu. Mwingi hazikuwepo. Za Nairobi zingefika Jumatatu, pengine Jumanne. Trekta lilikuwa linakuja Jumamosi. Abdiqani alinitazama nikihesabu siku kwenye vidole, akavuta jeki bila kuambiwa.

Kwanza tulijaribu tyubu za lori. Tulikata visahani vingi, tukavipanga kimoja juu ya kingine, tukaikalisha injini juu yake. Maji kwenye karai yakatulia mpaka nikaona uso wangu, na nikapiga vigelegele katikati ya gereji. Halafu Abdiqani akakanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikalala upande kama mlevi na feni ikala kifuniko chake cha plastiki. Vipande viliruka mpaka barabarani.

"Mama Kitonga," akasema akifuta uso, "ngumu inatetemeka, laini inaanguka. Hii kitu haiwezekani."

"Kuna ya katikati."

"Iko wapi?"

Sikujua iko wapi. Nilijua tu kwamba siondoki. Nikatoka kwenda kununua maji ya kunywa, na kando ya duka palikuwa na mtu anayeuza akala, vile viatu vya tairi ambavyo baba alivaa miaka yote. Niliokota kimoja nikakikunja. Soli ilikuwa tairi gumu, lakini hii haikuwa na waya ndani. Nikamuuliza anatoa wapi raba isiyo na waya. Akaniambia ni ubavu wa tairi la zamani, lile la nyuzi, kwa sababu akala ya waya humchoma mteja, na mteja aliyechomwa harudi. Nilichukua ubavu mzima, nikauburuta mpaka gereji.

Tukafanya hivi: kipande chembamba cha ubavu juu, tyubu katikati, ubavu chini. Na bolti, badala ya moja ndefu ya kupita toka juu mpaka chini, tukatumia mbili fupi, ya juu ikishika chuma cha juu na ya chini chuma cha chini, zisigusane. Hilo lilikuwa wazo la Abdiqani, na lazima nilisifie, kwa sababu bolti ndefu ndiyo iliyokuwa ikibeba mtikiso wote kama shina linavyobeba maji. Ili injini isilale tena kwenye feni, tukaifunga mnyororo mfupi upande mmoja, uliolegea kidogo. Ukienda vizuri mnyororo hauna kazi. Injini ikitaka kuruka, unaikumbusha.

Kuzikata raba na kuzipima kulituchukua Alhamisi yote na Ijumaa asubuhi. Nilichanika kidole, nikakifunga kitambaa. Saa sita na nusu Abdiqani alinawa, akavaa kanzu safi kwenda kuswali Ijumaa.

"Usikaze kitu," akaniambia. "Ngoja nirudi."

Sasa niambie, nani angengoja? Jioni hiyo hiyo nilikuwa na mizinga sita ya kushusha. Niliingia chini ya gari nikaanza kukaza bolti moja baada ya nyingine kwa nguvu zangu zote, mpaka spana ikaniachia alama kiganjani. Niliwasha. Maji yalitetemeka. Si kama mwanzo, lakini yalitetemeka, vijiduara vidogo vikikimbizana toka ukingoni hadi katikati. Nilikaa kwenye ngazi ya pikapu nikavitazama, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikafikiri pengine Kiema amesema kweli. Wazo hilo liliniuma kuliko kidole.

Abdiqani aliporudi alitazama karai, kisha akanitazama mimi.

"Umekaza."

"Nimekaza."

"Gari ikiwa imezimwa?"

"Ningekazaje ikiwa imewaka?"

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Umelazimisha injini ikae mahali inakataa," akasema. "Raba zote zimevutwa upande. Legeza. Zote."

Nikalegeza zote. Akawasha, na injini ikatikisika mara mbili tatu juu ya raba zake, ikasogea kiasi cha unene wa kucha, ikatulia. Tuliiacha ingurume hivyo dakika kumi. Ndipo akaniruhusu kukaza, kidogo hapa, kidogo kule, injini ikiwa imewaka, huku yeye ameweka kiganja juu yake kama mtu anayepima homa. Niliposimama, maji yalikuwa na duara moja tu katikati, nalo lilikuwa hafifu.

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, michafu hivyo hivyo. "Allah akufikishe," akasema. "Na uende na sitini. Kwa matuta shuka gia ya pili. Usibembeleze."

Jioni nilifika shambani nikajua tatizo moja nililokuwa nimelisahau: mzinga uliojaa asali haushushwi na mtu mmoja. Safari ya kwanza jirani alinisaidia, na sasa alikuwa amesafiri. Nilikuwa nimeshaanza kupanda mti peke yangu nilipomwona Kiema anakuja na kamba ya baba begani.

"Usiniambie kitu," akasema.

Sikumwambia. Tuliwasubiri nyuki wote waingie, nikaziba matundu, na tukaishusha mizinga sita hadi giza likatukuta. Alidungwa mara nne, mimi mara moja, na hilo pia sikulisema, ingawa ulimi uliniwasha. Alfajiri tulipokuwa tunapakia, trekta lilikuwa tayari limeegeshwa kwenye lango. Dereva wake alikuwa amelala ndani, akingoja kuche.

Niliendesha na sitini. Pale Emali nikakuta foleni ya malori iliyoganda kabisa. Nikasimama, injini ikinguruma. Nikateremsha kioo nikasikiliza nyuma. Walikuwa wanavuma chini chini, sauti ile nzito ya watu walio kazini nyumbani kwao. Hawakupandisha sauti. Foleni ilikaa karibu nusu saa na hawakupandisha. Nilifurahi mpaka nikaogopa, na nilimwimbia Mungu wimbo mzima pale pale, mwenye lori la vitunguu akinitazama.

Kufika ni jambo moja, kukaa ni jambo lingine. Wale wa kwanza walihama siku ya pili. Jumapili nilikwenda kanisani kwa sababu Nyamai alinilazimisha, na mchungaji alipowaombea wote wanaosafiri, mimi niliomba kimya kimya wangu wasisafiri. Saa tisa, saa ile ile ya wingu, nilikuwa chini ya miti nimekaa juu ya debe. Walitoka wengi, wakazunguka, wakazunguka tena, nikainuka kwenye debe. Kumbe walikuwa wanajifunza mahali papya. Jua lilipoinama walirudi ndani.

Jumatatu adhuhuri pikipiki ilimshusha Kiema mlangoni kwangu. Hakuwa amenipigia simu. Alisema alikuwa na shughuli Emali, na mimi na yeye tulijua hana shughuli yoyote Emali. Nyamai alimpa kiti, hakukaa. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya mizinga sita, mikono nyuma, kama mzee.

Nyuki walikuwa wanaingia na chavua ya manjano miguuni. Nyuki anayetaka kuhama habebi chavua nyumbani. Hicho ni chakula cha watoto. Kiema alilijua hilo, kila mtoto wa mzee Muthama analijua.

"Wamekaa," akasema.

"Wamekaa."

"Wote sita."

"Wote sita." Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatayarisha tangu Jumatano kuhusu mwanamke na nyuki. Mengine yalikuwa makali sana na niliyapenda. Nilikuwa nachagua nianze na lipi alipogeuka, nikaona macho yake yamelowa.

"Mwongeli," akasema, "nirudishie mmoja tu. Ule mdogo. Niwe na kitu cha baba."

"Utautundika mti gani, Kiema?"

Nadhani mpaka dakika ile hakuwa amejiuliza. Trekta lilikuwa limefanya kazi siku mbili, na yeye alikuwa ametoka huko asubuhi. Alitazama miti yangu, akatazama chini, na mabega yake yakaanza kutikisika, mtu mzima mwenye watoto watano.

Yale maneno yangu makali sikuyaona tena. Nilikwenda kwenye ule mzinga mdogo, nikaweka kiganja juu yake.

"Huu ni wako," nikamwambia. "Utakaa hapa hapa. Utakuwa unakuja kuuona."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamletea lile debe akaketi chini ya mzinga wake, na aliniomba nimfundishe jinsi ya kusikiliza.